Kisogo cha Kaisari

Mwaka 2018, katika duka la mitumba la Goodwill mjini Austin, Texas, Laura Young, mwanamke anayeishi kwa kununua na kuuza vitu vya zamani, aliona chini ya meza kichwa cha marumaru chenye kibandiko cha bei shavuni. Dola 34.99. Akalipa, kikapelekwa kwenye gari lake, akakifunga mkanda wa abiria. Kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 23. Baada ya kuulizia huku na huko akaambiwa kwamba yule bwana aliyenuna ni Mrumi wa kweli, aliyechongwa karibu na zama za kuzaliwa kwa Kristo, na kwamba aliwahi kuorodheshwa Ujerumani, katika Pompejanum ya Aschaffenburg, nyumba ambayo Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria aliijenga kwa kuiga nyumba za Pompeii. Mji ule ulipigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, kisha wanajeshi wa Marekani wakaweka kambi humo. Inaaminika kwamba mmoja wao ndiye aliyemvusha bahari. Mwaka 2023 Mrumi akarudishwa kwao, kama Ujerumani ni kwao.

Nguo zinazokosa wateja katika maduka ya namna ile hufungwa kwenye mabelo na kuuzwa kwa uzito, na nyingi huishia Afrika. Kwa hiyo yule Mrumi alikuwa mbali na sisi kwa hatua chache tu za biashara. Ningependa kumwona akitokeza kwenye belo, soko la Mchikichini, alfajiri, katikati ya suruali za jinzi na makoti ya baridi ambayo Dar es Salaam haina kazi nayo. Sidhani kama angetupwa. Wauzaji wa Kariakoo na viunga vyake hawajasoma habari za Roma, lakini wana tabia moja ambayo wasomi wa sanamu za Kirumi walichelewa kuizoea: kitu wakikitilia shaka, hawakitazami usoni.

Nenda Mtaa wa Aggrey kutafuta simu. Winga, yaani dalali wa mtaani, atakushika mkono, atakupeleka dukani, atawasha kioo na kukuonyesha rangi. Mnunuzi anayejua mambo hana haja na kioo. Anaigeuza, anapitisha ukucha kwenye ungio la mfuniko, anasoma maandishi madogo ya nyuma, anapima uzito kiganjani. Muuzaji akimwona anageuza hupunguza maneno, maana ameshajua anazungumza na nani. Mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano iliifanya nchi nzima kuwa wakaguzi wa namna hiyo. Watu walifundishwa kubonyeza *#06#, zikatokea tarakimu 15, wakazituma kwenda 15090 na kujibiwa simu yao ni ya aina gani hasa. Ilipofika usiku wa tarehe 16 Juni, simu feki zikazimwa. Wengi walikuwa na simu zenye sura nzuri kuliko za majirani zao.

Akupaye kisogo si mwenzio, walisema wahenga, nao walikuwa wakizungumzia watu. Sanamu inayokupa kisogo ndiyo mwenzio wa kweli.

Warumi walipenda nyuso kuliko mataifa mengi ya kale. Makaisari walichongwa kwa wingi na kusambazwa hadi miji ya mipakani. Walichongwa wakuu wa koo, wake zao, na hata watumwa walioachwa huru wakapata fedha ya kujengea kaburi la heshima. Wachongaji kwa kawaida hawakuandika jina wala mwaka. Anayetaka kujua umri wa kichwa huanza, basi, na mitindo. Wanawake wa mwishoni mwa karne ya 1 walipandisha vipilipili vya nywele juu ya paji la uso, safu juu ya safu. Ndevu nzito za Kaisari zilianza na Hadrian, aliyetawala kuanzia 117 hadi 138 BK, na baada yake wanaume wa Roma wakazifuga kama waliozipata kwa amri. Macho nayo: kabla ya miaka ya 130 mboni zilipakwa rangi tu, na rangi ikishafutika sanamu hubaki na macho matupu kama ya kipofu, kuanzia hapo wachongaji wakawa wanazichimba kwa keekee. Hata kipande cha kifua kinachokuja na kichwa kina historia. Sanamu za mwanzo wa ufalme huishia karibu na mitulinga, na kadiri vizazi vinavyopita kifua kinaongezeka, yakaingia mabega, ikaingia sehemu ya mikono.

Aliyekulia Dar es Salaam ameshaisoma elimu hii bila kwenda chuo. Mpe picha ya studio isiyo na tarehe. Akiona bugaluu na raizoni atasema miaka ya 70, akiona kalikiti atasogea mbele hadi ya 80, na hatahitaji kumjua aliyepigwa picha. Tatizo ni kwamba kila ukoo una shangazi ambaye alisuka mtindo mmoja tangu ujana hadi kaburini. Kaisari Augustus alikuwa shangazi wa aina hiyo. Alikufa mwaka 14 BK akiwa na miaka 75, lakini hakuna sanamu yake ya kizee: miaka yote ile mafundi waliendelea kumchonga kijana mwenye mashavu laini na nywele zilizogawanyika kwa namna ileile juu ya paji. Uso wa sanamu unakwambia mtu alitaka kuonekanaje. Hauna wajibu wa kukwambia mwaka.

Mitindo ina udhaifu mwingine, mkubwa zaidi. Ikishaandikwa vitabuni inasomwa na wote, na mghushi ni msomaji mwenye bidii kuliko profesa. Mwaka 1818 Makumbusho ya Uingereza yalinunua kichwa cha marumaru cha Julius Caesar. Kwa miaka mingi kilistahiwa kuliko sanamu zake nyingine zote; watu waliosoma sana walikitazama wakaona akili, uchovu na ukuu wa mtu aliyeitikisa dunia. Leo kinajulikana kuwa kilichongwa karibu na mwaka 1800, na ngozi yake ikatobolewatobolewa kwa chuma ili ionekane imekula karne. Mimi simlaumu sana fundi. Aliwapa Waingereza wa zama zile Caesar waliyemtaka, mwenye sura ya mtawala kama walivyompenda mtawala awe, nao wakamwamini kwa sababu hiyohiyo. Kosa la namna hiyo halionekani na waliomo ndani yake. Linaanza kuonekana ladha ya wakati ikishapita, pale sanamu inapoanza kufanana na mwaka iliochongwa kuliko mwaka inaodai.

Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga, nimesikia njia iliyo ngumu zaidi kudanganya. Kijana alikuwa akisifu kanga iliyopauka, anasema ni ya bibi yake aliyezikwa kabla ya Uhuru. Mama aliyekuwa nyuma ya meza akaivuta pindo, akasoma, akamrudishia. "Mwanangu, hii ni ya Urafiki," akasema, akaendelea kukunja doti zake. Kiwanda cha Urafiki kilizinduliwa mwaka 1968. Kanga yenye chapa yake inaweza kuchakaa namna yoyote, inaweza kunukia kabati la miaka mia. Haiwezi kuwa ya mtu aliyezikwa 1950. Wanaakiolojia huifuata kanuni hiyo kila siku: kitu hakiwezi kuzidi umri wa sehemu yake iliyo changa kuliko zote. Kichwa kinachodaiwa ni cha wakati wa Augustus kikiwa na mboni zilizochimbwa kwa keekee kimejitaja chenyewe.

Ila Warumi walitutegea mtego hata hapo. Kaisari akianguka kwa chuki, baraza lilimlaani, na vichwa vyake, kwa kuwa marumaru ni ghali, vilirudi karakana kuchongwa upya. Nero akageuzwa Vespasian. Domitian akageuzwa Nerva. Fundi alipunguza mashavu, akachimba mikunjo, akasogeza nywele za mbele nyuma. Uso ukawa mdogo kuliko shingo, masikio yakabaki yamejitokeza kwa sababu sikio likishachongwa haliongezeki nyama. Na kisogo mara nyingi hakikuguswa kabisa. Sanamu ilisimama kwenye tundu la ukuta, nani angekwenda nyuma? Hivyo Vespasian mzee, mwenye upara, anatazama mbele na uso wa askari, na nyuma ya shingo bado ana nywele ndefu alizozipenda Nero. Ukimuuliza mtaalamu kichwa hicho ni cha mwaka gani, jibu la uaminifu ni kwamba kina miaka miwili, na kwamba wa kwanza uko nyuma.

Maabara husaidia, ila kwa kiasi kidogo kuliko tunavyoaminishwa. Wanaweza kupima marumaru na kusema imetoka machimbo gani, Carrara au Paros. Lakini Carrara inachimbwa mpaka leo, na mghushi naye anajua njia ya kwenda. Wanaweza kuangalia ngozi ya jiwe kwa mwanga wa zambarau usioonekana kwa macho, ambao hutofautisha sehemu iliyokaa karne nyingi na iliyokwanguliwa juzi. Wanatafuta alama za mizizi ya mimea iliyolitambaa jiwe likiwa ardhini, na magamba ya chokaa yaliyoota polepole. Ushahidi mtamu huwa uko ndani. Mbwa mwitu jike wa shaba, alama ya mji wa Roma, aliaminika kwa vizazi kuwa kazi ya Waetruska wa karne ya 5 KK. Fundi mkarabati Anna Maria Carruba alipomfanyia kazi aligundua kwamba amemiminwa mzima kwa mara moja, jambo ambalo mafundi wa kale hawakuwa wakilifanya kwa sanamu kubwa, akalitangaza mwaka 2006. Vipimo vya mabaki yaliyokuwa tumboni mwake baadaye vilielekeza karne ya 11 au ya 12 BK. Wapo wanaobisha bado. Nadhani wanabisha kwa sababu nchi huumia kuambiwa mama yake ni mdogo kwa miaka 1,500.

Kichwa cha Kirumi ambacho hakuna anayekitilia shaka kilipatikana upande wetu wa dunia, Meroe, Sudani, mwaka 1910. John Garstang alikuwa akichimba mji wa wafalme wa Kushi, na mbele ya mlango wa hekalu moja, chini ya ngazi, akakuta kichwa cha shaba cha Augustus, macho ya kioo na jiwe yakiwa bado yamekaa sawasawa. Wakushi walikuwa wameivamia Misri ya Warumi karibu na mwaka 25 KK, wakazing'oa sanamu za Kaisari, na kichwa hiki wakakifukia mahali ambapo kila aingiaye hekaluni angekikanyaga. Angalia jinsi tarehe inavyojipanga yenyewe. Sanamu haiwezi kuwa ya kabla ya Augustus kuitawala Misri, na haiwezi kuwa ya baada ya uvamizi. Imebanwa katika miaka michache tu, na kilichoibana ni ngazi, wala hazikuhitajika nywele zake. Waliomchukia ndio waliomhifadhi kuliko raia zake wote, kwa sababu shaba nyingi iliyobaki Roma iliyeyushwa.

Pwani yetu ina mfano wake, pande zote mbili. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza aliyeitwa Haywood alisema amepata sarafu huko Bur Gao, kusini mwa Somalia, karibu na mpaka wa Kenya. Zilikuwemo za Waptolemayo wa Misri, zilikuwemo zenye vichwa vya makaisari, na nyingine za karne nyingi baadaye. Sarafu zenyewe hazina kasoro. Wataalamu wa sarafu walizisoma wakazitambua. Ila hakuna shahidi mwingine aliyekuwepo zilipotoka ardhini, mchanganyiko wake unafanana na wa kabati la mkusanyaji kuliko wa shimo moja, na habari zake ziliandikwa kitaalamu baada ya miaka mingi. Kwa hiyo vichwa halisi vya makaisari halisi havithibitishi kitu chochote kuhusu Azania, jina la kale la pwani yetu. Upande wa pili uko Rufiji, ambako Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba Mkukutu na kutangaza mwaka 1999 kwamba amepata shanga za kioo za Kirumi. Shanga! Vitu ambavyo mtoto angeviacha mchangani. Hazina uso wala jina, lakini zilitoka kwenye tabaka la udongo linalojulikana, pamoja na vigae vinavyojulikana, na tangu hapo kila anayebishana juu ya Rhapta, soko la kale la pwani hii, hana budi kuzijibu. Ningepewa nichague kati ya sarafu ya Nero isiyo na shimo na shanga yenye shimo, ningechukua shanga.

Ndiyo maana habari ya sanaa inayonigusa zaidi katika jiji hili haina marumaru. Katika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano, palikuwa na barakoa ya Kimakonde. Mwaka 1984 wezi waliingia na kuondoka nayo pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yakanunua barakoa Paris. Mwaka 1990 profesa wa Kiitaliano, Enrico Castelli, akawapa taarifa kwamba barakoa yao yaelekea ni moja ya zilizoibiwa Dar es Salaam. Miaka mingine 20 ikapita katika barua na mazungumzo, na Mei 2010 ikarudishwa kwa mkataba ulioiita zawadi. Mtu anarudishiwa mali yake iliyoibiwa, anaandikiwa kwamba amepewa. Nina maneno, ila nitayameza.

Hakuna aliyewahi kusema barakoa ile ni feki. Mti ulikuwa wa kweli, Wamakonde walikuwa wa kweli, na mashine ya maabara ingeipitisha bila kusita. Bado kulikuwa na uongo ndani yake, na uongo huo ulikuwa kwenye miaka miwili tu ya maisha yake: ilitoka wapi kabla ya kufika Paris? Kulijibu swali hilo kunahitaji mtu aliyewahi kuiona, au karatasi iliyowahi kuiandika. Wale wanaodhani kazi ya daftari la makumbusho ni kuwapa makarani ajira wafikirie hilo. Tanzania iliingia katika Mkataba wa UNESCO wa 1970 mwaka 1977 na Uswisi mwaka 2003. Hata hivyo mkataba bila daftari ungekuwa kama mahakama isiyo na mshtaki.

Barakoa za Wamakonde nazo ni nyuso, ndugu za vile vichwa vya Kirumi kwa ukaribu usiotarajiwa. Zile za uwanda wa Mueda, Msumbiji, zinazofunika kichwa kizima katika ngoma ya mapiko, hupandikizwa nywele za binadamu na huchorwa chale kwa nta ya nyuki. Unakuta mzee mwenye chale, mwanamke mwenye ndonya, askari wa Mreno, Mhindi wa dukani. Kwa hiyo umri wake unasomeka kwa ndonya na kofia kama wa Kirumi unavyosomeka kwa ndevu, na kwa udhaifu uleule, maana mchongaji wa leo anaweza kumchonga bibi mwenye ndonya ambaye hakuwahi kumwona.

Vinyago vya mpingo vinavyouzwa mjini ni habari nyingine, na hapa ndipo mnunuzi hujidanganya kwa fedha zake. Wachongaji wa Kimakonde walivuka Ruvuma kutafuta kazi, wengi kwenye mashamba ya mkonge, na baadhi wakafika Dar es Salaam. Mtindo wa shetani, wenye viungo vinavyojipinda na jicho moja pasipotarajiwa, unahusishwa na Samaki Likankoa, aliyekuwa akimuuzia kazi mfanyabiashara Mohamed Peera hapa mjini miaka ya 1950. Ule wa ujamaa, watu wamebebana kuzunguka gogo moja, unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Yaani sanaa inayoitwa ya kale kwenye maduka ya Samora ina umri wa wazee wanaocheza bao vibarazani. Mgeni anauliza, "Hiki ni cha zamani?" Swali hilo lingemchekesha Likankoa. Kinyago chake kilikuwa halisi kikiwa bado na vumbi la msasa.

Lakini uzee una bei, na chenye bei hutengenezwa. Mti mwepesi hupakwa dawa ya viatu ukawa mpingo. Barakoa hutundikwa juu ya moshi. Wapo wanaotoboa matundu ya wadudu kwa keekee, na hao ndio wavivu, kwa sababu mdudu anayekula mbao hapiti njia iliyonyooka. Kipimo cha kaboni kinaweza kusaidia kwa namna ya ajabu: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliacha alama katika kila mti uliokuwa hai, kwa hiyo maabara ni hodari zaidi kumkamata mwongo wa juzi kuliko kumthibitisha mzee wa mwaka 1850. Ila mpingo una ukaidi wake. Unachukua miaka 70 au zaidi kukomaa, na moyo wake mweusi ni mkongwe kuliko ganda. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na moyo wa kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kipande cha sampuli kikitoka moyoni, kinyago kipya kitarudi na cheti cha uzee.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, ililitatua suala hili kwa namna ya karani: ilichora mstari. Kitu kilichotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863 kinalindwa. Mlango wa nakshi unalindwa ukiwa umechongwa kabla ya 1940. Mstari ni mzuri kwa sheria, ila umezaa mchezo ambao Warumi wasingeuwaza. Fikiria mlango mmoja unaosafirishwa nje. Bandarini, mwenye mzigo anataka uwe mpya: umechongwa mwaka jana, ni samani tu. Ukifika kwenye jumba la mnada Ulaya, mwenye mzigo yuleyule anataka uwe wa karne ya 19. Mlango unazeeka miaka 100 ndani ya kontena. Kokote uendako utakuwa na karatasi, na karatasi zote mbili zina mhuri. Mkaguzi wa forodha na dalali wa mnada hawajawahi kukaa meza moja, na biashara yote inategemea wasikae.

Kinachowaunganisha, kama kipo, ni nyumba ulikotoka mlango. Na nyumba hizo zinakwisha. Katika mitaa ya Uhindini majengo ya zamani yalikuwa na tabia njema ya kuandika mwaka kwenye paji la uso, juu kabisa, pamoja na jina la mwenye nyumba. Unapita Mtaa wa India, unainua kichwa, unasoma. Kariakoo hakukuwa na desturi hiyo. Nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma ziliingia mjini bila tarehe na zinatoka bila tarehe, na mahali pake panapanda ghorofa kumi lenye fremu za maduka chini. Siku ya kubomoa, mabati huenda kwa mmoja, boriti kwa mwingine, mlango na madirisha kwa fundi wa Gerezani au kwa dalali mwenye Fuso. Baada ya nusu siku mlango ule ni sarafu ya Bur Gao.

Anayetaka kujenga ghorofa Kariakoo hupeleka manispaa michoro, hati ya kiwanja, kibali cha mazingira na risiti kadha wa kadha, akapigwa kalenda kwa miezi. Sioni kwa nini fomu hizo zisiwe na nafasi ya picha nne za nyumba inayobomolewa: mbele, ukumbini, uani, na mlango ukiwa umefunguliwa ili upande wa nyuma uonekane, pamoja na jina la mtaa na namba ya kiwanja. Simu ya kupigia picha hizo inauzwa hapohapo Aggrey. Nakala moja ikae manispaa, nyingine ipelekwe Shaaban Robert, kwenye daftari.